Ninunue nini katika soko la Kadutu, na nini nikiache, kabla ya kwenda kusoma Liège?

Binti wa Bagira, Bukavu:
Ndugu zangu wapendwa, nimepata nafasi ya kusomea shahada ya pili mjini Liège, Ubelgiji, na masomo yanaanza katikati ya Septemba. Nitavuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, kisha nitapanda ndege Kigali, na tikiti yangu inaniruhusu masanduku mawili ya kilo 23 kila moja pamoja na mkoba wa mkononi. Mama amekwisha kunitengea blanketi, sufuria mbili, unga wa muhogo, sambaza (wale samaki wadogo) na nyama ya kukausha, ilhali kaka yangu anasisitiza kwamba nibebe nguo chache na pesa tu. Fedha zangu za ununuzi hazizidi dola 250, kwa hiyo kosa moja litaniumiza. Nawaomba mliotangulia mnishauri.

Dada wa Nguba:
Mdogo wangu, hongera sana. Anza na karatasi kabla ya nguo. Diploma, orodha ya alama, cheti cha kuzaliwa, barua ya kupokelewa na mkataba wa chumba, pamoja na nakala zake, vikae vyote katika mkoba wa mkononi. Sanduku langu lilichelewa siku tano, na wewe unatakiwa kujiandikisha kwenye komini, yaani ofisi ya manispaa, ya mahali utakapokaa ndani ya siku 8 za kazi tangu ufike. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo itunze, maana utaidaiwa siku ya kurudi Kongo.

Blanketi na sufuria ziache, ingawa najua ilivyo vigumu kumwambia Mama hivyo. Vyumba vya wanafunzi, ambavyo wenyewe huviita kot, mara nyingi huwa na kitanda na meza, na jiko huwa la pamoja. Sufuria zangu zote niliachiwa na mwanafunzi aliyekuwa anahama. Mashuka niliyotoka nayo Bukavu yalikuwa ya kitanda cha watu wawili, nami nililalia kitanda chembamba cha sentimeta 90.

Kuhusu baridi, usitumie dola zako kwa koti jipya. Septemba sweta na koti la mvua vinatosha. Ukikuta koti zito na zima katika mitumba ya Kadutu, lichukue na ulivae njiani ili lisile kilo zako. Usipolikuta, Liège kuna maduka ya vitu vilivyotumika. Fedha zako ziweke kwenye yale yaliyo ghali huko: miwani ya pili kama unavaa miwani, vitenge viwili vilivyoshonwa vizuri, na nywele zilizosukwa wiki ya safari.

Mkaaji wa Himbi, Goma:
Naongezea jambo la chakula, kwa sababu liliniuma. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri anayetoka nje yake kuingiza nyama wala maziwa na mazao yake, na jibini ya Masisi niliyombebea mjomba wangu ilitupwa mbele ya macho yangu. Hivyo nyama ya Mama ibaki nyumbani. Samaki wana kanuni yao: sambaza zilizokaushwa zinaruhusiwa, mradi samaki wako wote wasizidi kilo 20.

Kumbuka pia kwamba unapita Rwanda, ambako mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008. Sambaza zifunge kwa karatasi ngumu, kisha uzitie katika kopo lenye mfuniko, kwa maana ukifika mpakani na sashe za plastiki utazimwaga humo humo begini. Betri ya akiba ya kuchajia simu iwe katika mkoba wa mkononi, kwani hairuhusiwi ndani ya sanduku.

Binti wa Bagira, Bukavu:
Asanteni sana, wakubwa zangu. Nimezungumza na Mama, naye amekubali kuhusu nyama, lakini juu ya unga bado anahofia kwamba nitakaa na njaa.

Dada wa Nguba:
Mwambie Mama kwamba Brussels kuna mtaa wa Matonge, ambako Wakongo wananunua unga wa bugali (ugali), sombe (majani ya muhogo) na makayabu (samaki wa chumvi), na kutoka Liège ni mwendo wa saa moja hivi kwa treni. Beba kilo mbili tu, za kukutosha majuma ya mwanzo na za kumtuliza moyo.