Tupeane uzoefu: kutoa vibonde vya mlango wa gari bila kupiga rangi upya

Mleta uzi
Wakuu, habari za mihangaiko. Nina IST ya fedha, rangi yake ya kiwandani. Juzi natoka supamaketi nakuta mlango wa nyuma kushoto una kibonde cha upana wa kizibo cha soda, chini kidogo ya kitasa. Mtu kafungua mlango wake kwa fujo, kanigonga, kaondoka zake. Rangi haijachubuka. Fundi wa kwanza niliyempelekea hata kuinama hakuinama: "Tunapiga puti, tunapuliza mlango mzima, Jumamosi unachukua gari." Puti, yaani ule udongo wa kujazia mashimo ya bati, na rangi mlango mzima, kwa kibonde ambacho mpaka uangalie kwa ubavu ndiyo unakiona!

Mwenye kuwahi kutoa kitu kama hiki na rangi ikabaki ile ile atupe mkasa wake. Kilikuwa sehemu gani ya mlango, alitumia njia gani. Walioharibiwa nao wasipite kimya, hao ndio nawasubiri kwa hamu.

Kijana wa Sinza
Mkuu, hiyo puti ikatae. Mimi nina Premio, bodaboda alinipenya kwenye foleni ya Morocco, mpini ukagota mlango wa dereva. Nikaelekezwa kwa kijana mmoja Kinondoni ambaye kazi yake ni hii tu, hata kompresa ya rangi hana. Kwanza alipitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya mlango wote, akinionyesha inavyoshika sawasawa kila mahali. Akashusha kioo, akachomoa raba ya nje, akachomeka bamba jembamba kati ya kioo na bati ili kioo kisije kikavunjika, ndipo akaingiza nondo ndefu yenye ncha iliyopinda.

Pembeni akasimamisha taa yenye mistari. Nilidhani ya kumulikia tu, kumbe kazi yote iko pale. Bati lenyewe haliangalii kabisa, anaangalia mistari inavyoakisiwa kwenye rangi. Penye kibonde mistari inajikunja. Anabinya kidogo kwa ndani, mstari unasogea, anabinya tena nusu kidole pembeni. Akizidisha, kinatokea kipele kwa nje, anakishusha kwa kukigonga na kijiti cha nailoni. Shingo iliniuma kwa kumtazama. Alipomaliza nilipapasa kwa kiganja huku nimefumba macho na sikuhisi kitu.

Ila ukienda, panga kukaa. Kazi ya kibonde kimoja ilimla nusu siku, na ukimharakisha ndiyo unavuna vipele.

Fundi bodi mstaafu
Vijana, nimenyoosha bodi Arusha tangu enzi za Peugeot 504, ngoja nitie neno. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye tanuru, na ni nyembamba: kwa magari mengi ni kama mikroni 100 hadi 150 kwa tabaka zote (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja). Bati likirudi nayo inarudi pamoja nalo. Mlango uliokwishapigwa puti ni habari nyingine. Puti haipindi, inapasuka. Ndiyo maana ya ile sumaku: ikilegea mahali, chini yake kuna puti, na fundi mwenye akili anakwambia ukweli hapo hapo.

Jambo la pili ni mahali kibonde kilipo. Ndani ya mlango kuna nondo nene ya kukinga abiria gari ikigongwa ubavuni. Kibonde kikiangukia mbele yake, huna pa kupitisha kifaa. Pale chini mlangoni, bati la nje linapokunjwa kulikumbatia la ndani, ni pagumu pia, na kwenye ule mstari wa umbo unaopita ubavuni mwa gari hutakuta fundi anayekuahidi asilimia mia. Kibonde cha mviringo kilicholala hata kikiwa kipana kama sahani kinatoka. Kifupi chenye mkunjo mkali kama kilichochorwa na kisu, bati lake limeshavutika. Hicho utakipunguza tu.

Cha mleta uzi, kwa alivyokieleza, kinatoka. Mradi gari iwe haijawahi kuguswa.

Shangazi wa Probox
Hamjambo huko Bongo. Niko Nairobi. "Mradi haijawahi kuguswa", hapo ndipo msumari wangu ulipoingilia. Nilinunua Probox nikaapiwa kwamba imeshuka melini na rangi yake ya Japani. Mkokoteni ukanigonga Gikomba, denti mbili ndogo mlango wa nyuma. Jamaa wa gereji akasema atavuta kwa gundi, hakuna haja ya kufungua mlango. Akasafisha na spiriti, akabandika kile kidude cha plastiki chenye kichwa kama cha uyoga kwa gundi ya moto, akangoja ipoe, akavuta na ile nyundo ya kuteleza, fimbo yenye uzito unaorushwa kwa nyuma ili uvute.

Denti haikutoka. Kilichotoka ni rangi, kipande kama ganda la yai, na chini yake ikaonekana rangi nyingine ya kijivu. Gari ilikuwa imepulizwa kitambo! Jamaa naye akageuka kuniuliza kwa nini sikumwambia. Nimwambie nini na mimi ndiye niliyedanganywa? Sumaku hakuitoa, kipimo cha unene wa rangi hakuwa nacho. Nililipia rangi ya mlango mzima na kelele juu.

Kwa hivyo dada na kaka zangu, kabla ya gundi kugusa gari, uliza: "Utapimaje kama hii rangi ni ya kiwanda?" Akianza kucheka, washa gari.

Bwana Harrier
Pole shangazi. Mimi niko upande wa pili: nilikubali kupuliza. Harrier yangu ni nyeupe ya lulu, ile ambayo Toyota wanaiandika 070. Si rangi ya mkono mmoja, kuna nyeupe ya chini, juu yake lulu, kisha vanishi. Fundi wangu alichanganya kwa macho. Jioni gereji ilikuwa safi, kesho yake saa sita mchana mlango mmoja unaelekea maziwa mgando na bodi nyingine theluji. Nilipotaka kuiuza, kila mnunuzi aliuendea mlango ule ule na kuugonga kwa vidole, kisha swali: "Hii ilipata ajali gani?" Ajali yenyewe ilikuwa ndoo ya mama muuza samaki.

Mtoto wa Kariakoo
Mbona mnajitesa? Barafu na mashine ya kukaushia nywele! Video zimejaa.

Fundi bodi mstaafu
Zimejaa, ndiyo. Mwanangu, kinachotoka vile ni kibonde kipana na chepesi ambacho bati lake linataka kurudi lenyewe, hata pampu ya sinki ingekivuta. Kile cha kizibo cha soda utapuliza mpaka umeme ukatike. Maji ya moto yapelekee bampa, ile ni plastiki na ikipata joto inalainika, unaisukuma kwa ndani.

Mpwani Ughaibuni
Assalam alaikum. Niko München, na huku kazi hii ni ya mvua ya mawe hasa. Wazee wa hapa bado wanaisimulia ile ya tarehe 12 Julai 1984 iliyotoboa mapaa na kuharibu magari maelfu kwa maelfu. Ikinyesha leo, mafundi wa nondo wanasafiri kuifuata mji kwa mji na bima inawalipa, maana ni nafuu kuliko rangi. Gari yangu ilipata vibonde juu ya paa, milangoni na kwenye boneti. Milango ilikwisha haraka. Boneti ndiyo ilimtoa fundi jasho, ni ya aluminiamu, hairudi kirahisi kama chuma. Na huko nyumbani msije mkategemea sumaku kwenye bati la namna hiyo, haishiki kabisa hata kama halina puti. Hapo ni kipimo cha mikroni chenye kusoma aluminiamu.

Kijana wa Sinza
Swali kwa mzee: ukivuta kwa gundi, yale mabaki unayatoaje? Nimeona jirani yangu anakwangua na kisu.

Fundi bodi mstaafu
Kisu tena! Nyunyizia spiriti ukingoni mwa gundi, subiri iingie chini, kisha inyanyue taratibu kwa kipande cha plastiki. Inaachia nzima. Na kazi ya gundi fanyeni asubuhi, kivulini. Gari iliyokaa juani Dar bati lake linaunguza, gundi haigandi, unavuta inateleza na kurudi na kidude mkononi, kibonde kiko pale pale.