Karavani, hema la juu ya gari au Noah? Safari ya peke yangu na mbwa kutokea Moshi

Bosi_na_Mimi (Moshi, Shanty Town)
Wakuu, habari za jioni. Septemba nina likizo ya wiki mbili na sina wa kusafiri naye ila mbwa wangu, Bosi. Ni chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, kilo 34, ametulia sana garini, ila akiona bodaboda anapandwa na mashetani.

Gari ni Prado ya dizeli. Kuna familia ya Wazungu inahama, wanauza karavani dogo la ekseli moja, kilo 900 likiwa tupu, na wamekubali nilijaribu kwanza kabla sijalipa. Njia ya pili ni kununua hema la juu ya gari. Ya tatu, mdogo wangu ananipa Noah yake, natoa viti vya nyuma na kutandika godoro, naye anabaki na Prado.

Nilikuwa nawaza Lushoto na Pangani, au Babati, Kondoa, Dodoma hadi Iringa. Kila usiku sehemu mpya ikiwezekana. Naomba maoni ya mtu aliyewahi kuvuta tela au kusafiri na mbwa. Wale wa "mbwa abaki nyumbani" naomba mpite kimyakimya.

KijanaNgarenaro
Mbwa anaenda likizo Iringa, sisi wengine hata Marangu hatujafika. Nipo nasoma tu, endeleeni.

DadaSakina
Mimi nina hema la juu ya gari na silibadilishi kwa kitu chochote. Ukifika unafungua, dakika chache umelala, huhitaji kiwanja kikubwa. Lakini hema la juu ni la binadamu, dada. Ngazi yake imesimama karibu wima, mbwa wa kilo 34 hapandi mwenyewe. Utambeba begani usiku, umshushe asubuhi, na saa tisa usiku akibanwa na mkojo umshushe tena gizani. Wifi yangu alijaribu na mbwa mdogo tu, usiku uliofuata wakahamia ndani ya gari.

Na usije ukawaza kumfunga chini wewe ulale juu. Chui anakula mbwa, hiyo si hadithi ya bibi, na mbwa aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia. Fisi naye hachelewi. Kwako hema nalifuta. Noah na karavani nawaachia wenye uzoefu.

Mwana_Tanga
Karibu Tanga, ila karavani usilipandishe Lushoto. Kutoka Mombo ni kilomita kama 33 za lami nyembamba, kona juu ya kona, upande huu mwamba, upande ule korongo. Ukutane na basi linashuka kutoka Soni, mmoja lazima arudi nyuma, na huyo utakuwa wewe mwenye tela. Unaweza kuliacha Mombo kwa mtu unayemwamini, lakini sasa huko juu utalala wapi na Bosi? Lushoto ni ya Noah.

Pangani panafikika, ila ni joto, na ukivuka mto kwenda kusini mbele yako ni hifadhi ya Saadani ambako mbwa haingii. Halafu kuna jambo naomba ulipokee kwa wema. Huku pwani wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa kwetu ni najisi, yakigusa chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hakuna atakayekutukana. Mfunge kamba mitaani, mpitishe mbali na msikiti, na kabla hujalipia chumba uliza kwanza. Gesti nyingi watakataa. Hapo ndipo karavani linapokubeba, kwa sababu Bosi anakuwa na kwake.

Bosi_na_Mimi
Asante sana kaka, la msikiti nimelishika. Swali kwa wote: barabarani Bosi anaweza kukaa ndani ya karavani? Kuna kitanda kizuri kuliko siti ya Prado.

FundiMajengo
Hapana. Hapana kabisa. Tela linarukaruka kuliko gari, vumbi linaingia chini ya mlango, kabati likifunguka sufuria zinamwangukia, na wewe mbele husikii kitu. Mbwa akae siti ya nyuma ya Prado, avae mkanda wa kifuani uliofungwa kwenye mkanda wa gari.

Sasa tela lenyewe. Kilo 900 tupu, ukiweka maji, mtungi wa gesi, betri, chakula na mazagazaga unafika 1,200. Prado inavuta bila kulalamika, shida iko kwenye kusimama. Hakikisha lina breki zake na zinafanya kazi, maana kuna watu wanakata waya ikianza kusumbua. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, usijaze nyuma. Pua ya tela iwe inakandamiza kile kirungu cha chuma cha kuvutia nyuma ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, yaani kwako kilo 120 kwenda juu. Pua ikiwa nyepesi, basi likikupita kwa kasi tela linaanza kucheza, yaani kuyumba kushoto na kulia. Likicheza usikanyage breki kwa hofu. Achia mafuta, shika usukani umenyooka, liache litulie lenyewe.

Beringi za magurudumu ndizo zinazowaadhiri watu, hasa tela lililokaa uani muda mrefu. Grisi inakauka, maji yanaingia, na kwa macho huoni kitu. Kabla ya safari zifunguliwe, zioshwe, zipakwe grisi mpya. Halafu njiani fanya hivi: ukipita Arusha simama Kisongo, peleka mgongo wa mkono karibu na habu (kitovu cha gurudumu) ya kushoto, kisha ya kulia. Zote zikiwa vuguvugu sawasawa, twende. Moja ikiwa inachoma na nyingine imepoa, hapo kuna beringi inakufa au breki inashika, usiendelee hata kilomita moja. Usiguse kwa kiganja, utaacha ngozi.

Na tela lina kadi yake, namba yake na bima yake, mbali na za gari. Waambie hao Wazungu wakuonyeshe kabla hujalipenda zaidi. Taa za nyuma zikague kila asubuhi. Taa moja isipowaka, trafiki anakuandikia elfu 30.

KijanaNgarenaro
Fundi umeandika kuliko mwalimu wangu wa fizikia.

DktMifugo_Tengeru
Mimi niongelee abiria mwenye miguu minne.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai, na kadi ukae nayo garini. Nenda pia ofisi ya mifugo ya wilaya uombe cheti cha afya na kibali cha kumsafirisha, uwe na la kuonyesha ukiulizwa. Dawa ya kupe apewe kabla ya safari, maana kupe wa mbugani wanaleta homa inayomaliza damu.

Njia ya Babati ni nzuri, ila kuanzia Makuyuni, Minjingu hadi karibu na Magugu unapita jirani na Tarangire, na kule kuna mbung'o, nzi wanaoambukiza malale. Wanafuata kitu kinachotembea na wanapenda rangi nyeusi na bluu. Vioo juu, washa kiyoyozi, asishuke kukojoa hapo, asubiri Magugu, wewe ununue mchele. Baada ya safari mchunguze hata kama anaonekana mzima. Akipata homa, akikonda huku anakula, au jicho likafunga ukungu wa bluu na weupe, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Usinunue dawa ya ng'ombe ukamkadiria mwenyewe. Kipimo chake kwa mbwa hakina mchezo.

Joto. Gari lililofungwa juani linapanda kama nyuzi 19 ndani ya nusu saa. Karavani nalo ni bati, na kipande kimoja cha dirisha kilichofunguliwa hakisaidii. Kwa hiyo usidanganyike kwamba karavani ni chumba cha kumwachia Bosi wewe ukatembee. Usiku, sawa. Mchana, mnakwenda wote au mnabaki wote.

Hifadhi za taifa na Ngorongoro sahau, mbwa haingii, na wala usiwachukie kwa hilo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua simba kama 1,000 kule Serengeti, karibu theluthi ya wote, na ulihusishwa na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Mkomazi hapo Same wanalea mbwa mwitu. Ugonjwa mmoja wa mbwa wetu unaweza kuwamaliza.

Bosi_na_Mimi
Daktari umenivunja moyo kwenye hilo la karavani mchana. Ndiyo ilikuwa sababu yangu kubwa ya kulitaka. Basi faida yake kwangu ni ipi juu ya Noah?

MzeeWaScania
Nimeendesha tela za tani 30 kutoka Dar hadi Lubumbashi, sasa nimestaafu, nafuga kuku Himo. Nitakujibu binti yangu.

Tela ni nyumba, si gari. Ukishafika unalifungua, unaweka kabari kwenye tairi, unashusha miguu, unaweka meza nje, halafu Prado inabaki huru kwenda dukani au mlimani. Hiyo ndiyo raha yake. Lakini ukitaka kulala sehemu mpya kila usiku, kila asubuhi unafunga, unaunganisha, unakagua taa, unakagua mnyororo, peke yako bila utingo. Utachoka ukiwa bado Dodoma. Mwenye kuhama kila siku achukue Noah. Mwenye kukaa siku tatu nne mahali pamoja achukue tela. Habari ya mbwa haibadilishi hilo.

La pili ni usiku. Kwenye Noah ukisikia watu huwapendi, unaruka kutoka godoroni hadi usukani, unaondoka. Kwenye karavani lazima utoke nje kwanza ndipo uingie Prado. Mwanamke peke yake alijue hilo kabla ya kulala mahali. Usilale kando ya barabara. Lala uani kwa misheni, au kituo cha mafuta chenye mlinzi, au ripoti kwa mwenyekiti wa kijiji akuonyeshe mahali. Akishajua upo, kijiji kizima kinajua upo, na huo ndio ulinzi.

Mizani: sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inahusu gari la kuanzia kilo 3,500. Prado na tela lililojaa mnafika hapo. Ukiona mizani uliza, usipite kama hujaiona.

DadaSakina
Mzee shikamoo. Hapo kwenye usiku naomba nipishane na wewe kidogo. Wewe hukuwa na mbwa kwenye Scania. Mtu akisogea karavani na kusikia German Shepherd ananguruma mlangoni, hamalizi hatua ya tatu. Na Noah ina vioo pande zote, anayepita anakuona umelala. Karavani lina mapazia na mlango mmoja.

MzeeWaScania
Marahaba. Mbwa anabweka, haendeshi. Lakini la vioo umenishika, weka mapazia.

Binti, kurudi nyuma na tela unajua? Shika usukani chini kabisa. Mkono ukienda kushoto, mkia wa tela unakwenda kushoto. Ukienda kulia, kulia. Taratibu. Likianza kukunjana, usilazimishe, nenda mbele linyooke, anza upya. Shuka uangalie mara nyingi unavyotaka, hakuna anayekulipa kwa haraka.

Mwana_Tanga
Hata mimi nimejifunza leo.

FundiMajengo
Naongezea alipoishia mzee. Njia ya Babati ndiyo ya tela. Dodoma hadi Babati ni lami ya kilomita 251 iliyozinduliwa 2018, nzuri, ila kati ya Babati na Kondoa kuna milima na kona. Kushuka, weka gia ileile ambayo ungepandia, injini ikushikie, breki uiguse na kuiachia. Ukikanyaga mfululizo utanusa harufu ya kuungua kabla hujafika chini. Dodoma kwenda Iringa unapitia Mtera, haikatishi hifadhi. Usirudi kwa Morogoro. Barabara kuu inakatisha Mikumi kilomita kama 50, na hapo hushushi mbwa. Hata ungekuwa huna mbwa ni mzunguko mkubwa.

DktMifugo_Tengeru
Babati ukikaa karibu na ziwa, Bosi asisogee majini jioni. Kuna viboko, na usiku wanapanda kula majani.

Bosi_na_Mimi
Nimesoma yote mara mbili. Lushoto na Pangani naweka akiba ya Noah, nitaiazima kwa mdogo wangu mwakani. Hema nimeachana nalo. Nachukua karavani ila nimefuta ule mpango wa kila usiku mahali papya. Napita mchepuko nisiingie Arusha mjini, Babati nitakaa, Kondoa nione michoro ya miambani ya Kolo, tela nitaliacha mjini na Bosi nitakuwa naye, nikiambiwa haruhusiwi kupanda nitamlipa kijana amshike kivulini. Kisha Iringa kwenye baridi, hapo ndipo nitakaa muda mrefu. Nikichoka Dodoma nageuza, sidaiwi na mtu.

Ila kadi ya karavani ina jina la mtu wa kabla yao. Hilo limenishtua.

FundiMajengo
Ndiyo niliyokuwa naogopa. Usitoe hela wala kulitoa getini kwao mpaka umiliki ubadilishwe TRA na bima iandikwe. Wakishamaliza lilete gereji Jumamosi kabla ya saa nne, nifungue habu. Mchana nina Fuso.

KijanaNgarenaro
Nafasi ya utingo bado ipo?

Bosi_na_Mimi
Ipo, ila unakaa siti ya nyuma na Bosi, na una bodaboda wewe. Atakujua tu.