Usiku wa kuwakumbuka wanamuziki waliotangulia: tupige kama rekodi au tupige kivyetu?

Kinanda_Kimoja:
Habari zenu wakuu. Sisi ni bendi ya watu watano, tunapiga kila ijumaa sehemu ndogo tu, wakiingia watu sitini basi pamefurika. Mwenye ukumbi katuomba tutenge usiku mmoja wa kuwakumbuka mastaa wa pop waliotangulia mbele ya haki, tukakubali kwa mbwembwe kabisa, balaa limeanza mazoezini. Mpiga solo anataka kila kitu kiwe kama kwenye rekodi, hadi ule mlio wa gitaa, mwimbaji wetu anasema yeye sio Whitney na hataki kushindanishwa na marehemu, mimi niko katikati nasuluhisha ndoa isiyo yangu. Kwenye orodha tuna Prince, Whitney Houston, George Michael, David Bowie na Papa Wemba. Mliowahi kufanya kitu kama hiki mlitokaje? Halafu MC aeleze historia ya kila mmoja au tupige tu?

BesiNyuziNne:
Mkuu kama mna When Doves Cry humo ndani niandikie haraka kabla hamjaharibu. Ule wimbo wa 1984 hauna besi kabisa, Prince aliirekodi halafu akaitoa mwenyewe. Sisi tulipoupiga mara ya kwanza nikaona aibu kusimama jukwaani mikono mitupu, nikaweka besi kidogo kidogo, yani wimbo ukageuka wa kawaida kabisa, hata mpiga drams akanigeukia akanitolea macho. Ijumaa iliyofuata nikaliweka gitaa chini nikashika manyanga. Kwahiyo hapo nipo na mpiga solo wako, kuna nyimbo ukiongeza kitu umeua.

Sauti_ya_Pili:
Dada muacheni jamani, hofu yake ni ya kweli. Mimi mwimbaji, ngoja niwape kisa. Ile I Will Always Love You ya Whitney ya 1992 inaanza sauti tupu bila chombo chochote, na mwenzenu nikajitosa hivyohivyo mbele za watu, najisikia malaika, macho nimefumba. Bendi ilipoingia nikagundua nimeteleza, sio sana, ni ile nusu ya nusu ambayo kila mtu anaisikia na hakuna anayejua aseme nini. Watu walinipigia makofi ya huruma, na makofi ya huruma unayajua tu. Siku hizi kabla sijafungua mdomo wa kinanda ananishikia noti moja ndefu kwa chini sana, watu hawaisikii ila mimi naisikia. Na ki, yani kimo cha sauti cha wimbo, tumeshusha, sioni haya. Ule wimbo ukifika mwishoni unapanda ki tena, sasa ukianzia juu alipoanzia yeye na huna lile koo, utafika pale pa kupanda ukaanza kupiga kelele. Hata Whitney mwenyewe hakuuimba kama mwenye nao, maana ni wa Dolly Parton na wa kwanza ulikuwa wa taratibu tu. Mwambie hilo atatulia.

mzee_wa_mitambo:
Naona mnabishania rekodi kama msahafu. Purple Rain ya Prince mnayoisikia kwenye albamu, msingi wake ni shoo ya live pale First Avenue, Minneapolis, tarehe 3 Agosti 1983. Walirekodi ukumbini watu wakiwepo, baadae wakaenda studio kuongeza vyombo vya nyuzi na kukata ubeti mmoja. Sasa huyo anayetaka "kama rekodi" anakopi usiku mmoja wa watu wengine, na nyie mna usiku wenu.

Kuhusu MC mkuu, nakuomba kama ndugu, mnyime maiki. Kuna shoo nilikaa kwenye mitambo, MC akafungua simu akasoma maisha ya marehemu tangu kuzaliwa, shule aliyosoma, ndoa ya kwanza, ya pili, mpiga drams akatoka nje kuvuta sigara na aliporudi bado tuko ndoa ya pili. Sentensi moja inatosha, tena iwe ya kuwafanya watu wasikilize. Mfano 2016 peke yake: Bowie alikufa Januari 10, siku mbili tu baada ya kutoa albamu, Prince Aprili 21, siku tatu mbele Papa Wemba akaanguka jukwaani Abidjan katikati ya shoo, George Michael akaondoka siku ya Krismasi. Hao wanne wa orodha yako ni mwaka mmoja! Wapange kwa tarehe, historia itajieleza yenyewe.

Sauti_ya_Pili:
Umenikumbusha mzee, Aprili 1992 pale Wembley walipomkumbuka Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, George Michael ndio aliimba na Queen, na Bowie naye alikuwepo. Kila nikiiangalia ile video nasisimka, waliosimama kumuimbia marehemu nao leo tunawaimbia. Na muangalieni George pale, hajifanyi Freddie hata kidogo, anaimba kwa koo lake.

Kinanda_Kimoja:
Nashukuru sana wakuu. Ile video nimeituma kwenye grupu la bendi, mwimbaji kajibu "ok", na kwa ninavyomjua hiyo ni hotuba nzima. Mpiga solo bado kanuna ila tumempa Purple Rain aimalizie atakavyo. Whitney tunashusha ki na noti nitashika mimi. Swali la mwisho, Papa Wemba tumuweke wapi? Kwa tarehe anakuja baada ya Prince, naogopa watu watakuwa wamepoa.

BesiNyuziNne:
Hapohapo pake. Baada ya Purple Rain kila mtu ana machozi, gitaa la sebene likiingia viti vinasukumwa pembeni. Na mimi besi yangu ndio inapata kazi, sio manyanga.