Imperial Knight: mabamba mapana ya deraya, nipake vipi na nichakaze kwa utaratibu gani?

Brashi_Namba2
Habari za jioni wakuu. Nina Imperial Knight, sanamu ya plastiki ya roboti kubwa la vita la mchezo wa mezani wa Warhammer 40,000, bado yuko vipande kwenye fremu zake, sijagandisha kitu. Askari wa kawaida nawamudu, ila hili ni dude jingine. Kitako chake peke yake ni umbo la yai la mm 170 kwa 109, na mabamba ya mabegani na mgongoni ni mapana, laini, hayana pa kuficha kosa. Nataka mabamba yawe mekundu, mifupa (kiunzi cha ndani) ibaki chuma kitupu, na aonekane ametoka vitani, si dukani. Sina eabrashi (kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa), nina brashi, makopo ya kupuliza na rangi za akriliki.

Nimuunge kwanza au nipake vipande? Mistari ya brashi naikwepaje? Na katika kuchakaza, kipi kinatangulia: michubuko, michirizi, kutu au vumbi? Niko pwani, unyevu wa hewa ni ule mnaoujua.

Fundi_Msasa
Usimuunge wote. Miguu na kiuno gandisha pamoja, kiwiliwili peke yake, mikono na silaha peke yake, na mabamba yote ya nje yabaki kando. Kila bamba libandike kwa nyuma kwenye kijiti cha mshikaki, kwa ile gundi laini ya kubandikia mabango ukutani. Ukishayafunga mabamba, brashi haiingii tena nyuma ya paja bila kuchafua nyekundu.

Tahadhari ya maungio. Gundi ya plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki mbili zikashikana, kwa hiyo haipiti kwenye rangi. Kabla ya kupuliza, ziba sehemu zitakazogusana kwa vipande vidogo vya utepe wa karatasi. Ukisahau, kwangua rangi kwa wembe mpaka plastiki ionekane. Kukimbilia supagluu juu ya rangi ni kujidanganya: bamba linashikwa na rangi tu, likigongwa linang'oka na ngozi yake.

Mistari ya kiwandani, ile inayoachwa na kalibu, ikwangue kwa mgongo wa kisu, kisha msasa wa maji namba 600, malizia 1000. Kwenye askari mdogo mstari uliosalia hupotea. Kwenye bamba pana utaonekana kama kovu, na maji ya rangi (rangi nyepesi ya kutia kivuli) yatautafuta. Osha vipande kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, acha vikauke kabisa.

Kwa kuwa huna eabrashi, nyekundu ya mabamba nayo ipulize kwa kopo. Nyekundu iitwayo Mephiston Red ipo ya kopo na ipo ya kichupa, kwa hiyo marekebisho ya brashi hayataonekana kama kiraka. Umbali ni sm 20 hadi 25. Anza kupuliza nje ya kipande, pita, malizia nje. Tabaka mbili au tatu nyepesi, dakika 15 hadi 20 kati yake. Ukisogea mbali sana kwenye joto, matone hukauka hewani na uso unakuwa na mchangamchanga. Ukikaribia sana, rangi inatiririka na kuziba michoro.

Kwa pwani, usipulize alfajiri wala usiku, unyevu uko juu. Saa 7 hadi saa 9 mchana, kivulini penye hewa, siku isiyo na mvua, ndiyo nafuu.

Ukilazimika kupaka bamba kwa brashi, tumia bapa la sintetiki la mm 10 na rangi iliyozimuliwa kama maziwa. Vuta upande mmoja, na usirudi mahali palipoanza kukauka, maana hapo ndipo mistari inapozaliwa. Na usipake nyekundu moja kwa moja juu ya nyeusi, haifuniki vizuri, tanguliza kahawia-nyekundu.

Kutu_na_Masizi
Fundi kamaliza ya rangi, mimi naingia kwenye uchakavu.

Wengi watakwambia utumie sprei ya nywele: kutu chini, sprei juu yake, kisha rangi, halafu unailowesha na kuisugua imenyuke. Kwa hali yako achana nayo. Mbinu hiyo inategemea maji yapenye rangi ya juu mpaka kwenye sprei. Rangi ya kopo hairuhusu maji kupita, na ukipaka akriliki kwa brashi unaikoroga sprei ikiwa bado chini. Hiyo ni kazi ya eabrashi. Wewe tumia sponji.

Mtiririko wako uwe hivi: nyekundu, vanishi ing'aayo mahali pa stika, stika za maji (nembo za kulowesha na kubandika), vanishi, michubuko, rangi ya mafuta, vanishi isiyong'aa, poda mwisho kabisa.

Chini ya stika lazima pang'ae. Ukiibandika juu ya uso mkavu wa chokaachokaa, hewa hubaki chini yake na pembezoni panaota weupe wa fedha. Tumia dawa za kushikisha na kulainisha stika: Micro Set chini, Micro Sol juu. Ikijikunja usiiguse, itajinyoosha yenyewe. Stika zitangulie michubuko kwa sababu bamba likichubuka na nembo nayo huchubuka. Nembo safi juu ya bamba lililopigwa risasi inachekesha.

Sponji: ile ya kufungashia, inyofoe kwa vidole, usiikate kwa mkasi. Ichovye kwenye kahawia nyeusi, Vallejo 70.822 imezoeleka, na Rhinox Hide inafaa pia. Ipige kwenye karatasi mpaka ikaribie kuisha, ndipo uguse bamba. Gusa kingo, pembe, magoti, vidole vya miguu, na mahali ambapo bamba linasugua bamba. Katikati ya bamba weka michache tu, tena iwe na sababu. Kwa brashi nyembamba ongeza uzi wa nyekundu mpauko au pinki chini ya mchubuko mkubwa, ukingo unaoshika mwanga. Hapo rangi inaonekana ina unene. Kosa linaloharibu sanamu kubwa ni kutawanya michubuko ya ukubwa mmoja kila mahali. Inageuka kuwa surua.

Halafu rangi ya mafuta ya wasanii, Burnt Umber. Iweke kwanza juu ya kadibodi nusu saa inyonywe mafuta, la sivyo itakauka polepole na kung'aa. Sehemu moja ya rangi kwa nane hadi kumi za spiriti nyeupe. Gusisha ncha ya brashi kwenye maungio na ribiti, itakimbia yenyewe. Baada ya dakika 20 hivi, futa ziada kwa brashi iliyolowa kidogo spiriti, ukivuta kutoka juu kwenda chini. Michirizi nayo ni hivyohivyo: nukta ndogo chini ya ribiti, kisha ivute chini mpaka ibaki kivuli. Isubiri siku moja au mbili kabla ya vanishi.

Penseli_HB
Nakubaliana na mengi, ila vanishi ing'aayo iishie chini ya stika tu. Sehemu nyingine za mabamba zipate ya nusu-mng'ao. Kwenye uso kama kioo michirizi inateleza na kujikusanya matone.

Pia kuna jambo la hatari halijatajwa: ukiomba thina dukani unaweza kupewa ile ya rangi ya gari. Hiyo inakula rangi na plastiki pia. Taka spiriti nyeupe. Hata hiyo usiimwage: ikijikusanya kwenye maungio yenye plastiki tupu, inaweza kuyapasua, hasa yaliyogandishwa kwa kulazimishwa. Ndiyo maana hata upande wa ndani wa mabamba upulize praima (rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine).

Kwa mifupa ya chuma: Leadbelcher (rangi ya chuma), kisha Nuln Oil (maji ya rangi nyeusi), kisha penseli laini (2B na kuendelea) isugue kwenye kingo za pistoni na maungio. Inang'aa kama chuma kinachosuguana kweli. Kutu usiiweke kwenye pistoni inayotembea, weka pale maji yanapotuama. Mtutu uliopata moto: karibu na mdomo buluu, ikifuatiwa na zambarau, halafu kahawia, mwisho njano ya majani makavu. Watu huzigeuza, buluu ndiyo iliyopata joto kubwa zaidi.

Poda: saga chaki ya rangi kwenye msasa, weka kwenye nyayo na vifundo, dondoshea spiriti kidogo ishike. Rangi yake ifanane na udongo wa kitako. Ukinyunyiza vanishi juu yake, nusu inapotea.

Brashi_Namba2
Nimeelewa wakuu, asanteni. Nimejaribu vanishi isiyong'aa kwenye kipande cha fremu, kimetoka na ukungu mweupe. Nyekundu imeharibika?

Fundi_Msasa
Mara nyingi haijaharibika. Huo ni unyevu ulionaswa, au tabaka nene, au kopo halikutikiswa vya kutosha. Litikise dakika mbili kamili. Paka juu yake vanishi ing'aayo kwa brashi, ukungu mara nyingi huondoka. Ikikauka, rudia ile isiyong'aa kwa brashi pia, si kwa kopo, mpaka upate siku kavu.