Ziara ya mafunzo ya sera za tabianchi: Kigali au Nairobi?

Kijana_wa_Jangwani: Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu kimepata ufadhili wa ziara ya kwenda kujifunza jinsi wenzetu wanavyoongoza mambo ya mazingira na tabianchi kimataifa. Mezani kuna Kigali na Nairobi. Jibu linatakiwa kabla ya Ijumaa. Ingekuwa ninyi mngeenda wapi?

Bibi_Kipawa: Kikundi cha nini? Mko wangapi? Mnataka kujifunza usafi wa mji au namna ya kukaa kwenye meza za majadiliano? Mbona hujasema chochote, mwanangu.

Pweza_wa_Feri: Kigali, hata msijiulize. Mifuko ya plastiki wameipiga marufuku tangu 2008. Kenya 2017, sisi Tanzania Juni 2019. Na hawakuishia mipakani kwao: azimio la Umoja wa Mataifa la Machi 2022 lililoanzisha majadiliano ya mkataba wa dunia wa plastiki lilitokana na rasimu ya Rwanda na Peru. Sasa wao na Norway ni wenyeviti wenza wa kundi la nchi zinazotaka mkataba wenye meno. Nchi ambayo ukiiweka ndani ya mkoa wa Tabora nafasi inabaki!

Wakili_Ubungo: Na azimio hilo lilipitishwa wapi? Gigiri, Nairobi, kwenye makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Kenya ina Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi tangu 2016. Septemba 2023 ikawakusanya viongozi wa Afrika, wakatoka na Azimio la Nairobi: mfumo wa fedha wa dunia urekebishwe, na iwepo kodi ya kaboni ya dunia itakayogusa biashara ya mafuta, meli na ndege. Huo ndio uongozi.

Pweza_wa_Feri: Mwenye ukumbi siyo bwana harusi, wakili.

Wakili_Ubungo: Sawa, na huyo bwana harusi wako ameoa? Busan 2024 hawakuafikiana, Geneva Agosti 2025 hawakuafikiana tena. Mkataba wa plastiki uko wapi?

Mama_Tandika: Mimi niwape yaliyonikuta. Niliwahi kupelekwa ziara kama hiyo, mji siutaji. Tuliambiwa tutaingia ofisi za wakubwa, tuone majadiliano yanavyoendeshwa. Kufika, waandaaji hawakutusajili mapema. Getini mlinzi anatafuta majina, hayapo. Basi tukarudishwa hotelini, tukafungiwa ukumbini na mshauri mmoja mwenye picha za ukutani, asubuhi hadi jioni "ustahimilivu, ustahimilivu". Siku ya mwisho tukapandishwa basi kwenda kupanda miti, mashimo yameshachimbwa, wapiga picha wameshajipanga. Posho ikaja nusu, nusu nyingine nasubiri hadi leo. Nikarudi mtaani, majirani wananiuliza mtaro wetu utazibuliwa lini. Niwajibu nini? Dai ratiba ya maandishi: mnakutana na nani, cheo gani, saa ngapi, na usajili umethibitishwa. Wakileta maneno, kaeni nyumbani.

Kondakta_Mstaafu: Pole sana mama. Ila mbona mnarukia nyumba ya jirani na yenu mnaisahau? Kundi la wajumbe wa Afrika kwenye majadiliano ya tabianchi, AGN, linaongozwa na Mtanzania, Dkt. Richard Muyungi, amepokea kwa Mkenya Ali Mohamed. Mei 2024 Paris, Rais Samia alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa nishati safi ya kupikia, zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Pandeni SGR mwende Dodoma, chenji inabaki.

Wakili_Ubungo: Na bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, tuliweke kwenye fungu gani la uongozi?

Pweza_wa_Feri: Fungu lilelile la Norway. Mafuta wanauza na mikutano wanaongoza. Au sisi tu ndio haturuhusiwi?

Bibi_Kipawa: Wanaume mmeshaanza. Mwenye swali yuko wapi?

Kijana_wa_Jangwani: Nipo, bibi. Tuko sita, wote wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Mfadhili anataka tujifunze kudai fedha za hasara na uharibifu wa mafuriko.

Bibi_Kipawa: Mafuriko! Watu wanagombania mifuko ya plastiki hapa muda wote huu.

Wakili_Ubungo: Hiyo inabadilisha kila kitu. Mfuko wa dunia wa kulipia hasara na uharibifu wa tabianchi ulikubaliwa Sharm el-Sheikh 2022, ukaanza rasmi Dubai 2023. Mlango wake ni wizara, siyo mji wa kutalii. Nairobi bado naipendelea kwa sababu ya mashirika yaliyoko kule.

Pweza_wa_Feri: Rwanda ina mfuko wake wa mazingira tangu 2012, wanajua kuandika maombi ya fedha. Kigali.

Chachandu: Mngesubiri Addis Ababa 2027, COP32, mkutano wa dunia wa tabianchi.

Mama_Tandika: Na posho mtasubiri hadi COP40. Kondakta, hiyo nishati safi ya Paris huku Tandika mtungi ukiisha tunarudi kwenye mkaa wa kopo.

Kondakta_Mstaafu: Chukua jiko banifu mama, mkaa unakaa. Mke wangu analo, gesi ni ya chai tu.

Mama_Tandika: La udongo au la bati? La bati lilinitoboka.