"Haumi, Anacheza Tu": Kauli Iliyomgharimu Mtoto wa Mbwa Wangu Mishono Saba

Ndugu zangu, nawasalimu. Jambo hili nimekaa nalo siku tisa nikijiambia kwamba hasira itapoa, na haikupoa. Kwa hiyo nalileta hapa, hasa kwa wenzetu wanaofuga mbwa mijini hapa Uganda na kwa majirani ambao hawana budi kupita mbele ya mageti yao kila siku.

Ninaishi Muyenga, mtaa wa Kampala, upande ule wa mteremko ambako barabara ya murram (udongo mwekundu usio na lami) imebanwa na kuta ndefu pande zote mbili, kiasi kwamba mtu akikutana na mbwa hana pa kukimbilia. Nina mtoto wa mbwa wa miezi minne na nusu, tunamwita Simsim, yaani ufuta, kwa sababu ya rangi yake. Si mbwa wa kifahari. Mama yake ni mbwa wa kienyeji wa fundi seremala mmoja, na baba yake hajulikani. Jumamosi ya wiki iliyopita, saa moja kasorobo asubuhi, nilikuwa nikitembea naye akiwa amefungwa kamba fupi, pembeni kabisa mwa barabara, wakati askari wa nyumba moja alipofungua geti ili gari la tajiri wake litoke. Kabla gari halijasogea, walitoka mbwa wawili. Mmoja alikuwa German Shepherd mkubwa, na huyo hakusimama kunusa wala kubweka. Alikuja moja kwa moja.

Nilipaza sauti, "Mzee, tafadhali, mwite mbwa wako!" Yule bwana alishusha kioo cha gari, akanitazama bila haraka yoyote, akasema, "Ssebo (yaani bwana), usiogope, haumi, anacheza tu." Alipomaliza kusema, ngozi ya shingo ya Simsim ilikwisha kupasuka, na kidole changu kilikuwa kimekwaruzwa na jino nilipojaribu kuwatenganisha.

Naomba tuitazame kauli hiyo, kwa sababu nimeisikia mara nyingi mno tangu nianze kumtoa mbwa huyu nje. Hata tukikubali kwamba mbwa wako hana nia mbaya, mchezo wa mbwa mzima wa kilo 30 na zaidi dhidi ya mtoto wa kilo saba hauna usawa wowote. Isitoshe, anayesema "haumi" huwa anaeleza jinsi mbwa anavyomtendea yeye, mwenye nyumba, anayemlisha. Hajui, na hawezi kujua, atakavyomtendea mtoto wa mbwa mgeni anayepita mbele ya geti alilofundishwa usiku kucha kulilinda. Mbwa hawa hufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa jioni ili wamchukie kila apitaye. Alfajiri, kabla hawajarudishwa bandani, geti linafunguliwa, na sisi tulio nje tunaambiwa wanacheza.

Wala sikubali lawama yote kutupiwa askari, kama alivyofanya yule bwana baadaye. Askari ana mikono miwili. Anatakiwa kufungua geti zito, kuzuia mbwa wawili na kumpigia tajiri saluti, yote kwa wakati mmoja. Kinachohitajika ni amri moja kutoka kwa mwenye nyumba: mbwa waingizwe bandani au wafungwe mnyororo kwanza, ndipo geti liguswe. Haina gharama, na inachukua dakika mbili.

Kuna jambo ambalo wasiofuga huenda hawalijui, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Mtoto wa mbwa hujifunza lipi la kuogopa na lipi si la kuogopa katika umri mdogo sana, kuanzia wiki ya tatu hadi karibu wiki ya kumi na nne. Katika muda huohuo chanjo zake huwa hazijakamilika, na kirusi cha parvo, kinacholeta ugonjwa hatari wa kuhara na kutapika kwa watoto wa mbwa, huweza kudumu ardhini kwa miezi mingi, kwa hiyo haifai kumshusha mahali ambapo mbwa wasiojulikana wanapita. Tulihangaika sana na utata huo. Kwa wiki kadhaa nilimbeba Simsim kwenye kikapu hadi kwenye stendi ya bodaboda ili azoee mlio wa pikipiki, na hadi kwa kijana anayekaanga chapati na mayai ili aone watu wakipita. Watu walinicheka, na sikujali. Alipomaliza chanjo na kuanza kutembea kwa miguu yake mwenyewe, alikuwa mbwa anayemkaribia kila mtu akitikisa mkia. Wiki ya tatu ya matembezi yake ndiyo aliyokutana na huyo "mchezaji".

Nilimwomba yule bwana kadi ya chanjo ya mbwa wake. Akajibu kwamba kadi ipo kijijini. Sijui mbwa anaishi Muyenga na kadi yake inaishi kijijini kwa utaratibu gani! Wala si suala la karatasi. Kichaa cha mbwa husafiri kwa mate, karibu watu wote wanaokipata duniani hukipata kwa mbwa, na dalili zikishaanza, kupona ni jambo la nadra mno. Nilikiosha kidole changu kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nikaenda kuanza sindano. Simsim alikuwa amechanjwa alipofika miezi mitatu, lakini daktari wa mifugo alimrudia chanjo hapohapo na kuniagiza nimwangalie kwa siku 45. Mbwa aliyeuma naye alipaswa kufungiwa na kuangaliwa kwa siku kumi. Siku ya nne nilimwona geti likiwa wazi, amejilaza barabarani akiota jua.

Matibabu yalinigharimu shilingi 180,000 za Simsim peke yake. Yule bwana alinipa 20,000 na kusema, "Ssebo, huyo ni mbwa tu." Mwenyekiti wetu wa LC 1, yaani baraza la mtaa la ngazi ya chini kabisa, aliniahidi kwamba "tutazungumza", na bado tunasubiri kuzungumza. Nimwambie kwa heshima kwamba sheria ya mahakama za mabaraza ya mitaa ya mwaka 2006 inaliruhusu baraza lake kusikiliza madai ya mali iliyoharibiwa, na kwamba nchi hii ina sheria mahususi ya kichaa cha mbwa tangu enzi za ukoloni. Kwa hiyo asiniambie kwamba ugomvi wa mbwa kwa mbwa hauna pa kupelekwa.

Nami nina makosa yangu, na nayasema ili mwingine asiyarudie. Kosa la kwanza, nilimnyanyua Simsim juu, kama mzazi yeyote angefanya. Yule mbwa akamrukia hadi kifuani kwangu, kwa maana kitu kinachopanda juu huku kikilia humvutia zaidi. Kosa la pili, niliivuta kamba kwa nguvu hadi ikamkaba mdogo na kumzuia asigeuke. Kosa la tatu, niliingiza mkono kati ya vinywa viwili. Daktari alinishauri nisimame mimi katikati, nimweke mtoto nyuma ya miguu yangu, nisikimbie, nitoe sauti nzito na fupi, na nibebe kitu cha kuzuia. Sasa natembea na mwavuli mkubwa hata siku isiyo na wingu. Ukifunguliwa ghafla mbele ya mbwa, wengi husita, na wakati huo unarudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Kamba ya shingoni nimeibadilisha kwa mkanda wa kifuani ili nikilazimika kumvuta nisimkabe. Pia nimebadilisha saa: sipiti tena kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili, wakati magari yanapotoka.

Mtu atauliza kwa nini sikuinama nikajifanya kuokota jiwe, kama tunavyofanya sote hapa. Niliinama. Mbwa wa mitaani huielewa ishara hiyo na kurudi nyuma, kwa sababu wamepigwa mawe tangu utotoni. Mbwa wa ndani ya ukuta hajawahi kupigwa jiwe na mtu yeyote, kwa hiyo aliniona tu nikiuteremsha uso wangu karibu na meno yake. Tangu Jumamosi ile nimeanza kuwaheshimu mbwa wa sokoni, ambao hutupisha njia na kwenda zao, kuliko hawa wanaonunuliwa kwa fedha nyingi na kuachwa bila kufundishwa hata kuitika jina.

Simsim anapona. Mishono itatolewa Alhamisi. Lakini jana tulipofika mita hamsini kutoka geti lile, geti likiwa limefungwa na hakuna hata anayebweka, aliketi katikati ya murram, akaanza kutetemeka, na hakukubali kusogea hata kwa kipande cha nyama. Tukarudi nyumbani. Daktari anasema tuanze upya kwa umbali mrefu, tukisogea kidogo kila siku na kumlisha kabla hajaanza kuogopa, na kwamba kazi hiyo inaweza kuchukua miezi.

Nawauliza mnaokaa Bugolobi, Ntinda, Entebbe au Jinja: mtaani kwenu, kuna LC aliyewahi kumlazimisha mwenye mbwa kuonyesha kadi ya chanjo, au kulipa gharama zote za matibabu? Ikiwa yupo, nielezeni mlianzia wapi, kwa maandishi au kwa mdomo, na mliambatisha nini. Risiti zote ninazo, na picha ya geti likiwa wazi siku ya nne ninayo pia.