Tasnifu yangu imekwama kwenye neno "inatumiwa": kampuni za teknolojia na sera ya nje. Naomba ushauri

Mtafiti Mchanga

Wanajamvi, salaam. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu kampuni za teknolojia na sera ya nje ya serikali zao. Msimamizi amenirudishia sura ya tatu ikiwa na alama ya penseli pembeni mwa kila mstari wenye neno "inatumiwa", nami nimezihesabu alama hizo zikafika 11. Mfano ninaouegemea zaidi ni wa Juni 2009, maandamano ya baada ya uchaguzi yalipopamba moto Irani, na Jared Cohen, ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, akawaomba Twitter waahirishe matengenezo ya mitambo ili huduma isikatike. Matengenezo yaliahirishwa, nami nikaandika kwamba kampuni "ilitumiwa na serikali kama chombo cha nguvu ya ushawishi". Pembeni nimekuta: "Nani alimtumia nani?" Je, nitafute ushahidi zaidi, au nibadili hoja?

Mlinzi wa Rafu

Pole ndugu, ila msimamizi wako ana haki. Twitter wenyewe walisema kwamba uamuzi ulikuwa wao, na wizara haikuwa na amri ya kuwapa. Kilichokuwapo ni watu wanaofahamiana, na ushahidi wake ni kwamba mwaka uliofuata Cohen huyohuyo alihamia Google kuongoza kitengo cha Google Ideas. Tazama pia Januari 2010: Google ilitangaza kwamba haiko tayari tena kuchuja matokeo ya utafutaji nchini China, na siku chache baadaye Hillary Clinton, akiwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akatoa hotuba yake kuhusu uhuru wa intaneti. Ukiandika kwamba mmoja alimtuma mwenzake, utadaiwa barua ya kumtuma, nawe huna.

Wakili wa Jioni

Naomba kutofautiana kidogo na mkuu hapo juu, kwa kuwa hoja ya kufahamiana inasahau sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iitwayo CLOUD Act inairuhusu serikali kudai data iliyo mikononi mwa kampuni zilizo chini ya mamlaka yake, hata kama data hiyo imehifadhiwa nchi nyingine. China nayo, kwa sheria ya ujasusi ya 2017, inazitaka taasisi na raia kusaidia kazi ya ujasusi. Mei 2019, Huawei, kampuni ya simu na mitambo ya China, ilipoingizwa katika orodha ya vikwazo vya biashara vya Marekani, simu zake mpya zilikosa huduma za Google, na sioni ni wapi hapo Google iliulizwa inapenda nini.

Bi Kauli

Mwanangu, tatizo lako ni la sarufi kabla ya kuwa la siasa. Umeshika kauli ya kutendwa peke yake, ilhali lugha imekupa kauli nyingi. Mwaka 2009 kampuni iliombwa ikakubali. Mwaka 2010 pande mbili zilitumiana, ingawa msomaji mvivu atadhani zilitumiana barua. Mwaka 2019 kampuni ilizuiwa. Halafu kuna mifano inayokwenda kinyume kabisa na sentensi yako: Denmark ilimteua Casper Klynge kuwa balozi wa teknolojia mwaka 2017, akafungua ofisi Silicon Valley, na mwaka 2020 akaenda kufanya kazi Microsoft. Februari 2022 waziri wa Ukraine, Mykhailo Fedorov, alimwomba Elon Musk vifaa vya Starlink, huduma yake ya intaneti ya setilaiti, hadharani, mtandaoni. Dola inapopiga hodi kwenye kampuni namna hiyo, ni nani anayetumiwa?

Mtafiti Mchanga

Ahsante mama, na wakuu wote. Basi dhana ya nguvu ya ushawishi niitupe?

Mlinzi wa Rafu

Usiitupe, bali igeuze. Joseph Nye, msomi wa siasa wa Marekani aliyeieneza dhana hiyo tangu 1990, alizungumzia uwezo wa kuwavuta wengine wakatamani unachokitaka bila kuwalazimisha. Mvuto huo hudumu pale ambapo mkono wa serikali hauonekani. Edward Snowden, aliyefanya kazi ya mkataba katika ujasusi wa Marekani, alipotoa mwaka 2013 nyaraka za PRISM, mpango wa siri wa Marekani wa kukusanya data kutoka kampuni za intaneti, zilizozitaja Google, Microsoft, Facebook, Apple na nyinginezo, Marekani haikupoteza hata seva moja, lakini wateja wa nje walianza kuuliza data zao zinalala wapi. Kwa hiyo sheria anazozitaja Wakili zinaipa dola uwezo ambao, ukishajulikana, unaula ushawishi wa dola hiyohiyo. Ningekuwa wewe, sura nzima ingesimama juu ya mvutano huo.

Mtafiti Mchanga

Nimeanza kuandika upya usiku huu. Mstari wa Twitter sasa unasomeka: "Wizara iliomba, kampuni ikakubali, na kila upande ulikuwa na sababu zake." Imebaki mistari 10.